Kufa Kufaana: Je, Ni Halali Kuishi kwa Kazi ya Mazishi?

Wahenga walisema kufa kufaana. Mara nyingi tunausema msemo huu kwa kejeli. Tunautoa tunapoona ndugu wanagombea nguo za marehemu kabla ya matanga kuanuliwa, au tunapopita karibu na geti la hospitali na kumwona muuza majeneza ameketi kivulini, bidhaa yake imepangwa nyuma yake, akingoja. Kwa masikio yetu msemo huo una maana moja tu: msiba wa huyu ni mlo wa yule. Lakini tukilisikiliza neno lenyewe tunasikia jambo jingine. Kufaana ni kufaa kwa pande mbili, wewe unifae nami nikufae. Ni neno lilelile tunalolikuta katika methali nyingine, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Basi ndani ya msemo mmoja zimo njia mbili, ya fisi na ya rafiki, na zote mbili hupita mlangoni mwa mfiwa.

Swali tunalotaka kulitafakari ni hili: je, Mkristo anaweza kuishi kwa kazi ya kuzika wafu, akapata riziki yake humo, akajenga nyumba na kusomesha watoto, kisha akawarithisha watoto wake kazi hiyohiyo, naye akasimama mbele za Mungu akiwa na mikono safi?

Kwa wengi wetu swali hili ni geni kwa sababu tulilelewa mahali ambapo kuzika hakukuwa kazi ya kuajiriwa. Mtu akifa, majirani huacha majembe. Kina mama huleta kuni, maji na unga. Vijana huchimba kaburi. Wazee wa ukoo huketi kupanga. Mtu mwenye mwandiko mzuri hupewa daftari la rambirambi. Akina mama wa makamo, au wanaume wa ukoo ikiwa marehemu ni mwanamume, humwosha na kumvika. Hakuna anayelipwa, kwa kuwa kila mmoja anajua kwamba na yeye siku yake inakuja. Hilo ndilo kufaana kwenyewe.

Hata hivyo mambo yamebadilika, wala hayakubadilishwa na tamaa peke yake. Yamebadilishwa na umbali. Mtu anafariki Dar es Salaam na kwao ni Moshi, zaidi ya kilomita 500, au Bukoba, zaidi ya kilomita 1,000. Watoto wako Mwanza, mmoja yuko nje ya nchi na anaomba asubiriwe. Mwili hauwezi kungoja bila dawa au baridi, na jeneza haliwezi kusafiri bila gari. Hapo anahitajika mtu anayejua kuhifadhi mwili, mwenye gari, anayejua kibali kinachukuliwa ofisi gani. Ujuzi huo una gharama, na mwenye nao ana watoto wanaokula. Hivyo ndivyo biashara ya mazishi inavyozaliwa pale ambapo jirani hafiki tena.

Maandiko yenyewe hayashangazwi na malipo kaburini. Katika Mwanzo 23 Ibrahimu amefiwa na Sara ugenini, hana hata shamba la kuzikia. Efroni Mhiti anamwambia achukue pango la Makpela bure. Ibrahimu anakataa, anauliza bei, na anapima shekeli 400 za fedha mbele ya watu wote walioketi langoni pa mji. Pango lile likawa kaburi la ukoo: humo walizikwa Sara, Ibrahimu, Isaka, Rebeka, Lea na Yakobo. Yakobo naye, kabla ya kusafirishwa kutoka Misri, alipakwa dawa na waganga kwa siku 40, kama Mwanzo 50 inavyoeleza. Na Bwana wetu aliposhushwa msalabani, Nikodemo alileta manemane na udi kama ratli 100, na Yusufu wa Arimathaya alileta sanda safi na kaburi jipya. Vitu hivyo viligharimu, na mahali fulani Yerusalemu alikuwako mtu aliyeuza udi siku ile. Kwa hiyo fedha kuwapo msibani si dhambi. Ila tuangalie namna Ibrahimu alivyolipa: bei ilitajwa waziwazi, mbele ya mashahidi, na mfiwa hakuachwa gizani. Tutarudi kwenye jambo hilo.

Ili tuone kazi hii inaweza kuwa nini ikishikwa na ukoo mmoja kwa vizazi, tuangalie Marekani, ambako nyumba za mazishi za kifamilia zina historia ndefu na iliyoandikwa. Huko nako mwanzoni majirani ndio waliozika. Seremala aliyetengeneza vitanda na makabati ndiye aliyetengeneza na jeneza. Kisha ikaja vita ya wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865. Vijana walikufa mbali na kwao, na wazazi walitaka miili irudi. Uhifadhi wa mwili kwa dawa ukaenea. Rais Abraham Lincoln alipouawa Aprili 1865, mwili wake ulihifadhiwa hivyo na kusafirishwa kwa treni kutoka Washington hadi Springfield, Illinois, safari ya karibu majuma mawili, na watu wengi njiani wakamwona. Umbali ule tulioutaja ndio uliofanya kazi huko pia. Baadaye seremala akawa na chumba cha kuagia, akawa na gari, na kibao mlangoni kikaandikwa jina lake likifuatiwa na neno moja zito: na Wanawe.

Kwa Wamarekani weusi kazi hiyo ilikuwa na uzito zaidi. Katika nyakati za ubaguzi, weupe wengi hawakutaka kuzika weusi, au waliwahudumia kwa dharau. Mtu aliyeitwa majina ya matusi maisha yake yote angeweza kufuatwa na matusi hayo hadi kwenye meza ya kuoshea. Hivyo koo za watu weusi zikaanzisha nyumba zao za mazishi, na ndani ya nyumba hizo mtumishi wa jikoni na mchimba mitaro walivikwa vizuri, wakaitwa Bwana na Bibi, wakapandishwa gari safi. Tena kwa kuwa wateja wao walikuwa watu wao wenyewe, wenye nyumba hizo hawakumwogopa mwajiri mweupe ambaye angeweza kuwafukuza kazi. Wengi wao wakawa nguzo za makanisa, na magari yao yakatumika katika harakati za kudai haki.

Tutaje mifano miwili. Mwaka 1955 mvulana wa miaka 14, Emmett Till wa Chicago, aliuawa kikatili akiwa matembezini kwa jamaa zake Mississippi, na mwili wake ukaopolewa mtoni. Ulirudishwa Chicago ndani ya sanduku lililofungwa, kwa masharti kwamba lisifunguliwe. Mwenye nyumba ya mazishi, A. A. Rayner, alikuwa amefungwa na masharti hayo. Mama yake mtoto, Mamie Till, akasema yeye hakuahidi lolote, na kama ni lazima atalifungua mwenyewe. Rayner akalifungua. Alipouliza kama autengeneze uso ule ulioharibiwa, mama akakataa. Alitaka watu waone. Jeneza likawekwa wazi katika kanisa la Roberts Temple, maelfu kwa maelfu wakapita mbele yake, na picha zikachapishwa. Historia inamkumbuka mama yule, na ni haki. Lakini tusimsahau mtu wa kazi aliyesimama pembeni. Angeweza kusema karatasi ni karatasi. Alichagua kumtii mfiwa.

Mfano wa pili ni wa Memphis, Aprili 1968. Mchungaji Martin Luther King alikwenda huko kuwatetea wazoa taka waliokuwa wamegoma. Nyumba ya mazishi ya ukoo wa Lewis, iliyoitwa R. S. Lewis na Wanawe, ilimpa gari na dereva wa kumzungusha mjini. Jioni ya tarehe 4 alipopigwa risasi, watu wa nyumba hiyohiyo ndio waliopokea mwili wake, wakafanya kazi usiku kucha, na asubuhi watu wa Memphis wakaja kumwaga kabla hajapelekwa Atlanta. Waliomsafirisha hai ndio waliompokea alipokufa. Hatujui mfano ulio bora zaidi wa kuonyesha tofauti kati ya duka na jirani, hata kama jirani huyo anaandika risiti.

Lakini tusiifanye picha hii kuwa nzuri kupita ukweli. Mfiwa ni mteja dhaifu kuliko wote. Hana muda wa kuzunguka maduka matatu kulinganisha bei. Anaona haya kuomba apunguziwe, kana kwamba kupunguza bei ya jeneza ni kumpunguzia marehemu heshima. Analia huku akitia sahihi. Huko Marekani malalamiko yalikuwa mengi. Mwaka 1963 mwandishi Jessica Mitford alitoa kitabu kilichoieleza biashara hiyo kwa ukali, na mwaka 1984 serikali ikaanza kutumia kanuni inayolazimisha nyumba za mazishi kumpa mteja orodha ya bei, kitu kimoja kimoja, na kumwacha achukue anachohitaji tu. Nyumba za kifamilia nazo zilihusika katika malalamiko hayo. Kuwa na babu mwema hakukumzuia mjukuu kupandisha bei. Kisha kampuni kubwa zikaanza kuzinunua nyumba hizo, na mara nyingi zikaacha jina la ukoo pale pale mlangoni. Mfiwa akiingia anadhani anampa baba yake kwa watu waliomzika babu yake, kumbe mwenye nyumba ni mwingine na yuko mbali.

Hapo ndipo swali la urithi linapotuuma. Kitu gani hasa hurithishwa? Ni kibao, au ni namna ya kumshika maiti wakati mlango umefungwa?

Biblia inatupa onyo kali juu ya kazi takatifu inayopokezwa kwa damu. Eli alikuwa kuhani, na wanawe Hofni na Finehasi wakaishika kazi baada yake. Katika 1 Samweli 2 tunasoma jinsi mtumishi wao alivyokuja na uma wa meno matatu akachukua nyama ya sadaka kabla ya sehemu ya Bwana kuteketezwa, na mtu akisita, alitishiwa kunyang'anywa kwa nguvu. Walirithi vazi na uma, hawakurithi hofu ya Mungu. Na tusimlaumu Eli tu kwa malezi, kwa maana hata wana wa Samweli, mtu mwaminifu, walipokea rushwa. Kwa upande wa pili wako wazao wa Kora. Baba yao alimwasi Musa na akaangamia. Lakini katika 1 Nyakati 9 tunawakuta Wakora wakiwa wangoja malango katika nyumba ya Mungu, kizazi baada ya kizazi. Kwa hiyo damu haimwokoi mtu, wala haimhukumu. Kila kizazi kinapewa funguo upya, na kila kizazi kitatoa hesabu yake.

Sasa tuseme yuko kijana katika usharika wetu ambaye babu yake alikuwa fundi wa majeneza. Baba yake akaongeza gari na chumba cha kuhifadhia miili. Sasa baba amechoka, na anamtaka mwanawe ashike kazi. Kijana anasita. Shuleni walimtania. Shangazi za mchumba wake wamemwuliza binti kama kweli yuko tayari kupokea chakula kutoka katika mikono inayoshika maiti. Akija kwa wazee wa kanisa kuomba ushauri, tumwambie nini?

Kwanza tumwambie kwamba kazi hiyo si najisi. Sheria ya Musa katika Hesabu 19 ilimhesabu aliyegusa maiti kuwa najisi kwa siku saba. Lakini hata chini ya sheria hiyo maiti hawakuachwa njiani, alikuwapo mtu aliyekubali siku saba hizo kwa ajili ya mwenzake. Na Bwana Yesu, alipokutana na mjane wa Naini akimsindikiza mwanawe wa pekee, aliligusa jeneza. Hakusimama mbali. Ni kweli kwamba alimwambia mtu mmoja asitangulize mazishi ya baba yake mbele ya kumfuata. Alikuwa anaonyesha kwamba ufalme wa Mungu hauna mpinzani, hata katika wajibu ulio mtakatifu. Lakini yeye huyo alimtetea mwanamke aliyempaka marhamu, akasema ameuandaa mwili wake kwa maziko. Anayeandaa mwili wa mtu yuko katika kundi la mwanamke huyo.

Pili tumwambie kwamba maiti ndiye mteja asiyeweza kulalamika wala kurudisha fadhila. Katika Luka 14 Bwana anatufundisha kuwaalika wasio na cha kutulipa, kwa kuwa malipo yako katika ufufuo wa wenye haki. Nani asiye na cha kulipa kuliko mfu? Familia inalipa jeneza na gari. Lakini hakuna anayelipia mkono kuwa mpole, mlango kufungwa ili watu wasichungulie, mzaha kutotamkwa juu ya mwili wa mzee aliye uchi. Hayo hayamo katika risiti, na hayo ndiyo kazi yenyewe. Sisi tunaoamini ufufuo wa mwili tunajua kwamba kilicho juu ya meza ile si taka bali ni mbegu, kama Mtume Paulo alivyowafundisha Wakorintho. Mkulima haitupi mbegu, huiweka.

Tatu tumwambie ukweli kuhusu jaribu lake. Itakuja siku ambapo mjane atakaa mbele yake akiwa hajui bei ya kitu chochote, naye atakuwa na jeneza la bei kubwa ambalo halijanunuliwa miezi mitatu. Siku hiyo hakuna atakayemwona. Siku hiyo ndipo atakapojua amerithi nini. Akimwonyesha mjane la bei ndogo kwanza, akamwambia hili linatosha, basi ameishika kazi ya babu yake. Akinyamaza, ameshika uma wa Hofni.

Kwa masharti hayo jibu letu ni ndiyo. Kazi hii ni halali, na ni zaidi ya halali. Inaweza kuwa wito. Lakini jibu hilo linatugeukia na sisi tunaokaa kwenye mabenchi, kwa sababu mfanyabiashara wa mazishi hatendi peke yake. Mara nyingi ni sisi tunaomfundisha tamaa.

Tunamfundisha pale tunapogeuza msiba kuwa mashindano. Tunahesabu magari, tunataja bei ya jeneza, tunashona sare, tunalisha watu kama harusi. Mzee aliyekosa nauli ya kwenda kliniki anapata jeneza la vioo. Matanga yakianuliwa, wageni wanaondoka na deni linabaki, na Januari mtoto wa marehemu anarudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Tukumbuke kwamba King, ambaye watu wa mataifa mengi walimlilia, siku ya maziko yake alipitishwa katika mitaa ya Atlanta juu ya mkokoteni uliokokotwa na nyumbu wawili, ili awe karibu na maskini hata siku ile. Hakuna aliyesema amezikwa vibaya.

Tunamfundisha tena pale tunapomwachia mfiwa aende peke yake. Ibrahimu alinunua kaburi langoni, mbele ya mashahidi. Kamati za misiba za jumuiya zetu zina kazi hiyo. Mzee mmoja na mama mmoja waende na mjane, waulize bei ya kitu kimoja kimoja, wapate maandishi, waseme hapana pale ambapo yeye hawezi kusema. Ndugu anayefanya kazi ya haki hataogopa mashahidi, atawafurahia.

Na tunakosea pale tunapotaka kumkabidhi mtu wa kazi kila kitu, mpaka sisi wenyewe tusibaki na sehemu. Fedha inaweza kununua gari na baridi. Haiwezi kununua mkono wa binti unaomvika mama yake kitambaa cha kichwa kwa mara ya mwisho. Wale wanawake walioandaa manukato siku ya Sabato kabla haijaanza hawakutuma mtu. Walikwenda wenyewe alfajiri, wakawa wa kwanza kupata habari za kaburi tupu. Penye nafasi, basi, mmoja wa ukoo au wa jumuiya aingie, awepo, ashike hata taulo. Na anapofariki mtu asiye na ndugu mtaani petu, usharika uwe ndiyo ndugu. Hapo na fundi wa majeneza apate nafasi ya kutoa sadaka yake kwa mbao na misumari.

Mwisho, tuondoe aibu tuliyoijenga. Tunapokea huduma ya mtu huyu saa mbaya kuliko zote, kisha Jumapili tunakwepa kumpa mkono. Tunamwita saa tisa usiku, na mchana tunamwita mchuro. Kama kazi yake ni njema kiasi cha kumkabidhi baba yetu, basi binti yetu anaweza kuolewa katika nyumba yake, na yeye mwenyewe anaweza kuchaguliwa mzee wa kanisa. Jumapili ijayo, wakati wa kupeana amani, tuanze na mkono wake.